Samaki wa Waziri na Pweza wa Netflix

Wadau, kuna swali ninaloulizwa karibu kila wiki, na waulizaji wengi ni vijana wenzangu wenye kamera nzuri na ndoto kubwa: "Nina wazo la dokumentari, tena kali, nalipelekaje Netflix?"

Jibu fupi ni kwamba hulipeleki. Netflix wanasema bila kuficha kuwa hawapokei wazo la mtu wasiyemwalika. Lazima lipitie kwa wakala mwenye leseni, au kwa mtayarishaji, mwanasheria au meneja ambaye tayari wana uhusiano naye wa kikazi. Wewe na barua pepe yako kutoka Sinza, au kutoka Umoja kule Nairobi, hamumo kwenye hesabu.

Jibu refu ni la historia, nalo ndilo lililonikalisha hapa usiku huu. Wengi wetu tunadhani kunadi wazo la filamu ni ufundi mpya ulioletwa na intaneti, na kwamba ukishajifunza kutengeneza trela ya dakika tatu na andiko lenye picha za kupendeza basi umemaliza. Hebu turudi nyuma miaka 100 na ushee tuone mambo yalikuwaje.

Mwaka 1920 Mmarekani mmoja aitwaye Robert Flaherty alikuwa anatafuta fedha za kwenda kaskazini mwa Kanada kupiga filamu ya maisha ya Wainuit. Alishawahi kupiga nyingine kabla ya hapo, lakini mwaka 1916 akiwa Toronto aliangusha sigara kwenye mikanda, na futi kama 30,000 za filamu zikateketea. Sasa nani atampa fedha mtu wa namna hiyo? Akazipata kwa Revillon Frères, kampuni ya Kifaransa iliyokuwa inanunua ngozi za wanyama na kushindana na Hudson's Bay Company kwenye biashara hiyo hiyo. Revillon hawakuwa na mapenzi ya sinema. Walitaka jina lao lionekane, na lilionekana mwanzoni kabisa mwa filamu. Kazi ilipokamilika Paramount wakaikataa, Pathé wakaichukua, na mwaka 1922 "Nanook of the North" ikatoka ikawa gumzo. Leo inatajwa katika kila darasa la filamu kama dokumentari ndefu ya kwanza kupata mafanikio makubwa ya biashara.

Huyo Nanook mwenyewe aliitwa Allakariallak. Alikuwa anawinda kwa bunduki kama jirani zake, lakini kwenye filamu ameshika mkuki kwa sababu Flaherty ndivyo alivyotaka. Kituo cha kununulia ngozi kinachoonekana kwenye filamu ni cha Revillon, na biashara ya ngozi inaonyeshwa kama jambo la kheri tupu. Aliyelipa alipata alicholipia.

Stori ninayoipenda zaidi lakini ni ya Uingereza. John Grierson, Mskoti, ndiye aliyelitumia neno "documentary" kwa aina hii ya filamu mwaka 1926, alipokuwa anaandika kwenye gazeti la New York juu ya filamu nyingine ya Flaherty. Baadaye akaajiriwa na Empire Marketing Board, chombo cha serikali kilichokuwa kinapigia debe bidhaa za himaya. Bosi wake, Stephen Tallents, aliamini sinema. Tatizo lilikuwa Hazina. Watu wa Hazina hawakutaka kusikia habari ya serikali kutengeneza filamu, na fedha bila wao hazitoki (hapo hata sisi tunaelewana).

Sasa wakafanya upelelezi mdogo. Waziri mdogo wa fedha wakati huo, Arthur Michael Samuel, alikuwa na ugonjwa mmoja: samaki. Si samaki wote, ni yule mdogo wa bahari za kaskazini anayeitwa herring. Bwana huyu alikuwa ameandika kitabu kizima kuhusu huyo samaki na mchango wake katika historia ya Uingereza. Basi Tallents na Grierson wakapeleka Hazina andiko la filamu juu ya nini? Uvuvi wa herring! Fedha zikatoka. Filamu ikaitwa "Drifters", ikaonyeshwa London Novemba 1929, na kutoka hapo likazaliwa kundi zima la watengeneza dokumentari wa Uingereza.

Wadau, hebu lifikirieni hilo. Msingi wa dokumentari ya Uingereza uliwekwa na watu waliosoma tabia ya mtu mmoja mwenye sahihi, wakamletea samaki wake. Mimi siwalaumu. Filamu yenyewe ni nzuri, wavuvi wale wanaonekana watu wa heshima, na kabla ya hapo sinema ya Uingereza ilikuwa inawachekesha watu kwa wafanyakazi badala ya kuwaonyesha. Ila tukubaliane kwamba samaki alichaguliwa kabla ya wavuvi.

Sasa twende nyumbani, maana habari hii wengi hawaijui. Kule Vugiri, milima ya Usambara, upande wa Korogwe, kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na kituo cha kutengeneza filamu. Si utani. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Aliyeunadi ni J. Merle Davis wa International Missionary Council, ambaye alikuwa ameongoza uchunguzi wa maisha ya Waafrika kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ndiyo Zambia ya leo. Hoja yake ilikuwa kwamba mabadiliko yanawakumba Waafrika kwa kasi, wengi hawasomi, basi sinema iwafundishe. Akaipeleka hoja hiyo kwa Carnegie Corporation kule New York, nao wakatoa fedha. Mtu wa ufundi alikuwa Meja Leslie Notcutt, na wa elimu alikuwa Geoffrey Latham.

Walitengeneza filamu 35 kwa muda usiozidi miaka miwili. Thelathini na tano! Sauti waliirekodi kwenye sahani za santuri, ili filamu ile ile iweze kuchezwa kwa Kiswahili sehemu moja na kwa lugha nyingine kwingineko. Wakazipakia kwenye lori na kuzunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta: kuna mtu anafukia fedha zake ardhini, mwizi anazifukua, na mwenzake mwerevu anapeleka zake posta. Nyingine zilihusu safura, malaria ya watoto, kilimo cha chai, kodi. Ndiyo, kulikuwa na filamu kuhusu kodi, ya kuwaeleza watawaliwa kwa nini walipe. Waigizaji walikuwa Waafrika, tena wapya kabisa katika kazi hiyo. Kwenye meza ya kuamua hadithi ipi ipigwe, Mwafrika hakuwepo.

Fedha za Carnegie zilipokwisha mwaka 1937, serikali za makoloni ziliombwa ziuendeleze mradi. Zikakataa. Vugiri ikafungwa, na nyingi ya filamu zile leo hazijulikani zilipo. Nawaza mara nyingi juu ya zile sahani za Kiswahili. Nani aliyekuwa anazungumza humo? Alitoka Tanga, au Unguja? Alilipwa kiasi gani?

Baada ya vita na uhuru mambo mengi yalitokea ambayo nitayapita haraka. Huku kwetu Tanzania Film Company ilianzishwa mwaka 1968, Zanzibar wakapata televisheni ya rangi mwaka 1973, Bara tukasubiri mpaka 1994. Ulaya nako televisheni ndiyo ikawa mnunuzi mkubwa wa dokumentari. Channel 4 ilipofunguliwa Uingereza Novemba 1982 ilikuja na utaratibu wa kutotengeneza vipindi vyake yenyewe, bali kuviagiza kwa watengenezaji wa nje. Mwaka 1992 ikaja Arte ya Ufaransa na Ujerumani. Ghafla kukawa na kazi mpya duniani, ya mhariri ambaye kutwa nzima anasikiliza mawazo ya filamu na kusema ndiyo au hapana.

Mwaka 1993 wahariri hao wakakusanywa Amsterdam, pembeni ya tamasha la IDFA, na hapo ndipo kunadi filamu kulipogeuka kuwa mchezo wa jukwaani. Unakaa kwenye meza kubwa, umezungukwa na wahariri wa vituo vya nchi mbalimbali. Unapewa dakika chache, unaonyesha trela, kisha mwongozaji wa kikao anawageukia mmoja mmoja: wewe BBC unasemaje? Wewe Arte? Watu wengine wamekaa nyuma wanatazama kama mnada wa ng'ombe. Toronto wakaanzisha wao mwaka 2000, na leo kuna vikao vya namna hiyo kila bara, Durban ukiwemo.

Wengi huwacheka wale wahariri wa Amsterdam, lakini utaratibu ule ulikuwa na faida moja kubwa. Hakuna aliyekuwa anainunua filamu yote. Finland inatoa kidogo, Ufaransa inatoa zaidi, Uingereza inachangia, na kila mmoja anapata haki ya kuonyesha nchini kwake tu. Filamu ilibaki mali ya mtengenezaji. Ukichelewa kuikamilisha, mmoja akijitoa, wengine wapo. Nitarudi kwenye jambo hili.

Hasara yake tuliiona Mwanza. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa "Darwin's Nightmare", filamu ya sangara wa Ziwa Victoria, viwanda vya minofu, ndege za mizigo, makahaba na watoto wa mitaani. Huku kwetu watu waliiita filamu ya mapanki, kwa sababu ya zile picha za mifupa ya sangara inayoanikwa na kukaangwa kwa ajili ya walalahoi baada ya minofu kupanda ndege. Ulaya ikashangiliwa, ikapata tuzo ya César na kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2006. Mwaka huo huo Rais Kikwete akaishutumu hadharani kwamba imelichafua taifa, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Ugomvi mkubwa ulihusu dai lililomo kwenye filamu kwamba ndege zinazokuja kubeba samaki zilikuwa zinaleta silaha Afrika.

Maoni yangu? Umaskini ulioonyeshwa mle ulikuwepo, na aliyewahi kupita kwenye mapanki yale hawezi kubisha. Hata hivyo filamu ile haikuwa inazungumza na Mwanza hata kidogo. Ilikuwa inamwambia mlaji wa Ulaya: tazama kilichomo kwenye sahani yako. Iligharimiwa na wazalishaji wa Austria, Ufaransa na Ubelgiji, na swali iliyokuwa inalijibu lilikuwa la kwao. Mvuvi, mlinzi wa usiku, yule mama wa mapanki, wote walikuwa mashahidi kwenye kesi ya watu wengine. Ndiyo maana sisi tukagombana juu ya sifa ya nchi na wao wakagombana juu ya chakula chao, na hakuna aliyemsikia mwenzake.

Nisije nikaonekana nazungumza ya zamani tu. Juzi juzi nilihudhuria mafunzo ya siku tatu ya kunadi dokumentari, mwandalizi nitamhifadhi. Andiko langu lilihusu madereva wastaafu wa treni ya Reli ya Kati, wazee wanaoijua kila kona kuanzia Dar mpaka Kigoma. Mkufunzi alilisoma vizuri, akalisifu, halafu akaniuliza: "Ni nani humu atakayemshika mkono mtazamaji wangu?" Nikamjibu, Mzee wa Tabora. Akatabasamu, akasema labda nimtafute pia mhandisi wa kigeni aliyewahi kufanya kazi nao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ananifundisha samaki wa waziri anafananaje.

Haya, sasa Netflix. Walianzishwa mwaka 1997, kwanza wakawa wanakodisha DVD kwa posta, wakaanza kuonyesha kupitia intaneti mwaka 2007, na wakaingia kwenye dokumentari kwa nguvu karibu mwaka 2013. "The Square" ya Jehane Noujaim, kuhusu mapinduzi ya Misri, iliwapa uteuzi wa kwanza wa Oscar. Mwaka uliofuata wakaichukua "Virunga" ya Orlando von Einsiedel, inayohusu askari wa hifadhi kule Kongo Mashariki, kampuni ya mafuta ya Uingereza SOCO, na vita vya M23. Itazameni kama hamjaitazama. Kiswahili kimejaa mle, na sehemu kubwa ya ushahidi wa rushwa ilirekodiwa kwa siri na askari Mkongomani, Rodrigue Katembo, aliyekuwa anahatarisha maisha yake. Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza New York Aprili 2014, siku chache baada ya mkuu wa hifadhi, Emmanuel de Merode, kupigwa risasi barabarani na kunusurika.

Kilichowafurahisha watengenezaji wakati ule ni kwamba jukwaa jipya lilikuwa linasema ndiyo pale televisheni iliposema hapana. Laura Ricciardi na Moira Demos walikuwa wanafunzi wa filamu Columbia walipoanza kuifuatilia kesi ya Steven Avery kule Wisconsin mwaka 2005. Walihangaika nayo miaka kumi. HBO na PBS walionyeshwa, hawakuvutiwa. Netflix wakasema itengenezeni iwe ndefu, na Desemba 2015 "Making a Murderer" ikatoka ikiwa na sehemu 10, dunia nzima ikakesha. Mwezi uliofuata, Januari 2016, Netflix wakafungua nchi nyingine 130 kwa mpigo, na sisi tukiwemo. Kisha ikaja mvua ya fedha: "Icarus" ilinunuliwa Sundance mwaka 2017 kwa dola milioni 5 na ikaleta Oscar, na "Knock Down the House" mwaka 2019 kwa dola milioni 10.

Afrika nayo ilipata yake. "My Octopus Teacher" kutoka Afrika Kusini, filamu ya mtu na pweza, ilitoka Septemba 2020 na kuchukua Oscar Aprili 2021. (Najua Forodhani wapo watakaosema pweza huyo alikuwa anasubiri ndimu na pilipili tu. Nyamazeni.)

Ila soma masharti. Jukwaa linapoagiza filamu, kwa kawaida hulipa gharama zote na kuongeza asilimia fulani kama faida ya mtengenezaji, halafu haki zote zinakuwa zake, dunia nzima, kwa miaka mingi au milele. Unalipwa vizuri mara moja. Hakuna kuuza Finland, hakuna kuuza Japani, hakuna kupeleka TBC. Kwa miaka mingi hata idadi ya waliotazama hukuambiwa. Netflix walianza kutoa takwimu kamili Desemba 2023, zikiwa na majina ya kazi zaidi ya 18,000. Yaani ulikuwa unarudi kunadi wazo la pili bila kujua la kwanza lilifanya nini sokoni, wakati mnunuzi anajua hata dakika ambayo mtazamaji alizima.

Na mnunuzi akiwa mmoja, akihama umebaki barabarani. Aprili 2022 Netflix walitangaza kupoteza wateja 200,000 katika robo moja ya mwaka, hisa zikaporomoka, na mikoba ikafungwa kila mahali. Waliobaki wananunua walitaka wauaji, matapeli, wanamichezo na watu maarufu. Januari 2024 Amazon Prime Video wakasitisha kuagiza kazi mpya Afrika. Watu waliokuwa na miradi mezani waliamka asubuhi hawana mtu wa kumpigia simu. Aprili mwaka huo Participant, kampuni iliyotengeneza "An Inconvenient Truth", ikafunga. Hata mlango wa zamani umeanza kubana: Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 za utangazaji wa umma, mfuko ambao kupitia ITVS na POV umewalea watengenezaji wengi wasio na jina.

Kwa hiyo nikiulizwa siku hizi, huwa namtaja Sam Soko wa Nairobi. "Softie", filamu yake kuhusu mwanaharakati Boniface Mwangi na familia yake, ilianza kama video fupi na ikamchukua miaka kama saba. Hakuinadi kwa mtu mmoja. Ilipita Docubox, mfuko ulioanzishwa Nairobi na Judy Kibinge mahsusi kwa dokumentari za Afrika Mashariki, na milango mingine midogo midogo. Januari 2020 ikaingia Sundance na kupata tuzo maalumu ya uhariri, mwaka huo huo ikaonyeshwa POV Marekani na kwenye kumbi za sinema Kenya. Wakenya walilipa kiingilio kumtazama Mkenya akigombea ubunge wa Starehe na kushindwa, na hakuna mgeni aliyewekwa pale kuwashika mkono.

Andiko langu la madereva wa treni nimelirudia. Mhandisi wa kigeni hayumo. Mzee wa Tabora yumo, na mwezi ujao, Mungu akipenda, nakwenda kumrekodi kwa kamera ya kuazima kabla kumbukumbu haijamkimbia. Mwenye kujua mahali zilipo picha za zamani za stesheni za Urambo na Kaliua, tafadhali aniandikie.